Mguu wa Kushoto wa Kijiko

Jumatatu, 3 Februari

Joto la leo lingeivisha yai juu ya meza. Feni ya ofisini imekufa tangu Ijumaa. Mume wangu ni fundi wa majokofu na angeifufua kabla chai haijapoa, lakini bosi wetu hataki mtu wa nje apande ghorofa yetu msimu huu. Anasema kuta zina masikio, na masikio hayo yanalipwa mshahara na Ngao, washindani wetu wa jezi na viatu.

Bosi tunamwita Nyundo, kwa sababu hamalizi sentensi bila kugonga meza. Leo amegonga sana. Timu ya taifa ya wanawake imevaa jezi zetu za Mwale miaka mingi. Mkataba unaisha Juni, na mwaka huu kwa mara ya kwanza wasichana wananusa fainali za dunia. Kwa hiyo Ngao, ambao siku zote hawakuwahi kuwapelekea hata soksi, wameamka. Wanataka jezi, wanataka njumu, wanataka mpaka taulo za benchi.

"Shirikisho litamwangalia Kijiko," alisema Nyundo. "Kijiko akivaa Ngao, timu nzima itavaa Ngao. Mwalimu, huyo ni wa kwako."

Wananiita Mwalimu kwa sababu nilifundisha michezo sekondari kabla ya kuja hapa. Kazi yangu ni kuwalea wachezaji waliosaini na sisi: wavae viatu vyetu, wafike kupigwa picha, wasigombane na watu. Nyundo anasema mimi ni uso wa huruma wa kampuni. Sikumuuliza ule uso mwingine ni wa nani.

Alhamisi, 6 Februari

Nimekwenda kwa kina Kijiko. Jina hilo alipewa na mashabiki, kwa jinsi anavyouchota mpira kwa mguu wa kushoto na kuumwaga nyuma ya kipa, kama mtu anayepakua uji. Ana miaka kumi na tisa. Anaishi na mama yake nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, vyumba viwili, na cheche zinaruka nje ya dirisha mchana kutwa. Vikombe vya ubingwa vimepangwa juu ya kabati. Kile kikubwa kimejaa vibanio vya nguo.

Mama yake ni dobi wa hospitali. Nilimkuta anakunja mashuka ya nyumbani, maana mkono uliozoea kukunja haujui likizo.

"Jana amekuja kaka mmoja mpole," aliniambia. "Leo amekuja dada mmoja mcheshi. Mwaka jana mtoto alipolala na homa wiki nzima, hapakuja mpole wala mcheshi."

Huyo kaka namfahamu. Tulikaa meza moja Mwale kabla hajahamia Ngao, na jina lake la utani ni hilohilo, Mpole. Ana sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Nyoka tu, nilijisemea.

Sikutoa karatasi yoyote. Nilisimama upande wa pili wa shuka, nikashika pembe mbili, tukakunja pamoja.

"Mwanangu ana mguu mmoja tu," alisema. "Wa kulia ni wa kupandia ngazi. Nyie makampuni mawili mnagombea mguu mmoja?"

"Ndiyo, dada. Na huo mmoja unaitosha nchi nzima."

Alicheka akijizuia. Kijiko alikuwa amekaa kizingitini anamenya chungwa. "Mama," akasema, "huyu angalau anakunja."

"Na ukishapata sahihi yake?" mama aliniuliza. "Tutakuona tena, au tutakusikia redioni?"

"Nitakuwa naye. Kambini, uwanjani, kila mechi."

Mama alinitazama kama anavyotazama doa, kujua kama ni la kutoka au la kubaki. Kisha akaniletea maji ya kunywa.

Jumanne, 11 Februari

Amesaini na sisi. Nyundo amegonga meza kwa furaha mpaka kalamu zikaanguka. Feni bado.

Alhamisi, 20 Februari

Kambi imeanza. Zimebaki mechi tatu za kufuzu, zote nyumbani. Kijiko ameacha kuniita Mwalimu, ananiita Shangazi. Mume wangu amesema hongera, kupata mpwa bila kugombana na wifi si jambo dogo.

Jumamosi, 1 Machi

Kiatu kipya kimefika. Kijani kikali, cha kuumiza macho, chepesi kama sahani ya karatasi, na ndani ya soli kuna bamba gumu ambalo wahandisi wanasema linarusha mguu mbele. Kampuni imeweka matumaini ya mwaka mzima ndani ya kiatu hicho, na uso wa kukiuza ni wa Kijiko. Tumempiga picha kutwa nzima. Ameruka, ametua, ameruka tena. Bango limeshapandishwa mkabala na uwanja wa taifa.

Jioni mama yake alinipigia. "Nimemwona mwanangu ukutani, mkubwa kuliko wodi ya wazazi. Mbona miguu mmeipaka mafuta hivyo? Ataonekana ameiba samli."

Jumatano, 5 Machi

Mechi ya kwanza tumeshinda mbili bila. La pili ni la Kijiko, amemchotea kipa mpaka watu wakacheka. Viatu vya kijani vimeonekana kila mahali.

Katika chumba cha kuvalia alichelewa kuvua cha kushoto. "Shangazi, kinanibana huku pembeni."

"Kipya hicho. Kitalainika."

Ndivyo wanavyosema wauza viatu wote tangu viatu vianze kuuzwa.

Jumatatu, 10 Machi

Hakijalainika. Asubuhi amefanya mazoezi anachechemea, na nilipomshika ukingo wa mguu, pale juu ya kidole kidogo, aliuvuta kama nimemuunguza.

Nimempeleka kwa daktari wa timu, mtu mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Amempiga eksirei, haikuonyesha kitu. "Hiyo haina maana kuwa hakuna kitu," alisema. "Ufa mwembamba hujificha wiki za mwanzo. Njumu zake za zamani zilikuwa zinamuumiza?"

"Hapana," alisema Kijiko.

"Basi arudie zile. Hizi za kijani aziweke kabatini. Apunguze mazoezi, na akisikia maumivu nijue siku hiyohiyo."

Nikaenda moja kwa moja kwa Nyundo, nikamweleza yote, maumivu, eksirei, na maneno ya daktari. Alinisikiliza bila kugonga chochote. Hilo lilinitisha zaidi.

"Ngao wana mtu wa kamera pale mazoezini kila siku," alisema. "Akionekana na kiatu cha zamani, tumekwisha. Lakini hatuwezi kumuumiza mtoto wa watu. Vipake rangi vya zamani vifanane na vipya. Nyota wengi wanafanya hivyo, wewe unajua."

Najua. Nilitoka pale nikimwona muungwana, kusema kweli.

Jumanne, 11 Machi

Tumepaka viatu juu ya meza ya jikoni, mimi na mume wangu, magazeti yametandazwa. Ametumia rangi yake ya majokofu, amechanganya mpaka kijani kikakubali.

"Nimepaka majokofu ya bucha, nimepaka ya hoteli," alisema. "Sijawahi kupaka mguu wa taifa."

Tumecheka sana. Vimependeza kuliko vya kampuni.

Ijumaa, 14 Machi

Mechi ya pili tumetoka sare, bao moja kwa moja. Kijiko amecheza dakika zote bila kuchechemea. Leo nimekula nikashiba.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua zimeanza. Mazoezi yamefanyika katika tope. Nilijikinga chini ya jukwaa, na aliyekuja kujikinga karibu yangu ni Mpole, na koti lake jipya lenye ngao mgongoni.

"Mwalimu, za siku nyingi."

"Njema."

Alitazama uwanjani muda mrefu. "Soli zile si za kiatu kipya. Rangi mmeipatia, lakini meno ya chini ni ya mwaka juzi."

"Wewe angalia viatu vyako, kaka."

"Mtoto anaumwa?"

Alikung'uta maji begani. "Nimeambiwa nisirudi ofisini mikono mitupu," alisema, kwa sauti ileile ya kuogopa kuamsha mtoto. Nilimwona kama mtu anayekuomba ruhusa akuibie.

Jumatano, 26 Machi

Magazeti yote. Picha ya soli ya Kijiko, kubwa kama mkate, imechorewa duara jekundu. NYOTA WA MWALE AKIKIMBIA KIATU CHA MWALE. Redioni wanacheka tangu asubuhi. Mtangazaji mmoja amesema mpishi asiyekula chakula chake muogope.

Nyundo aliniita kabla ya saa tatu. Simu ya makao makuu ilikuwa imeshapigwa.

"Mechi ya mwisho anavaa vya kweli," alisema. Akagonga meza mara moja, polepole. "Shirikisho lenyewe limeuliza kama tunauza kiatu kibovu. Asipovaa, tumepoteza timu, na yeye amevunja mkataba."

"Daktari amekataza."

"Daktari ni wa timu, si wa kampuni. Eksirei ni safi, wewe mwenyewe ulisema. Ni mechi moja, Mwalimu."

"Ulisema hatuwezi kumuumiza mtoto wa watu."

"Nilisema kabla ya magazeti." Akainuka, akafunga mlango, akaongea kama ndugu. "Kama wewe utashindwa kumwambia, nitamtuma mwingine. Na huyo mwingine hatamwambia kwa upole wako."

Nimetembea kwa miguu kutoka ofisini mpaka nyumbani, kwenye mvua. Bora nimwambie mimi. Nimelirudia neno hilo njia nzima, bora mimi, bora mimi, mpaka likaanza kusikika kama kweli.

Jumapili, 30 Machi

Mvua. Nimeonana na daktari wa timu mlangoni mwa bwalo. Ameuliza mguu wa Kijiko unaendeleaje. Nimesema vizuri. Sikumwambia kuhusu viatu.

Jumatano, 2 Aprili

Sijala mchana. Mume wangu ameuliza kama ni tumbo. Nimesema ni tumbo.

Jumapili, 6 Aprili

Nitaandika yote ya jana, nisije nikajisimulia vingine baadaye.

Tulihitaji sare tu. Uwanja ulifurika, watu wamejifunika mifuko ya plastiki, mvua inapiga mabati ya jukwaa kiasi kwamba kocha alikuwa anapiga kelele chumbani kama tuko kiwandani. Nilimwita Kijiko pembeni, penye beseni za kunawia. Nilikuwa na boksi jipya kwapani. Akaliona.

"Vile vyetu viko wapi?" aliuliza.

"Wamesema uvae hivi leo. Mechi hii moja."

"Shangazi, bado pananiuma nikikanyaga vibaya. Hata na vile."

Hilo hakuwa ameniambia. Au alikuwa anasubiri nimuulize, na mimi wiki nzima nimemkwepa. Ningeweza kumwita daktari, alikuwa hatua chache tu, anafunga bandeji goti la beki. Nilimwona hivi kwa macho yangu.

"Nivae?" aliuliza Kijiko. Hakuuliza kwa uchungu. Aliuliza kama mtoto anayekuuliza kama maji ya kuoga yamepoa, na wewe ndiye uliyetia mkono.

"Vaa," nilisema.

Akavaa. Nilimfunga kamba mwenyewe.

Kipindi cha kwanza alicheza kama malaika. Alitoa pasi ya bao letu. Kipindi cha pili wageni wakasawazisha, na uwanja ukawa uji. Kulikuwa kumebaki robo saa hivi. Alikuwa peke yake, hakuna aliyemgusa. Alikanyaga ili ageuke, na nikamwona akitazama chini, kwa mshangao, kana kwamba mtu amemwita kutoka ardhini. Kisha akakaa kwenye tope, akaushika mguu kwa mikono miwili.

Hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyepiga.

Daktari alikikata kiatu kwa mkasi. Alikishika mkononi, kijani, kinachuruzika maji, akakitazama, kisha akainua macho akanitazama mimi. "Nilisema kabatini," alisema. Basi.

Mpiga picha wa kampuni yetu alisogea akaninong'oneza nikitoe kile kiatu mbele ya kamera. Nikakitoa. Nimeliandika hili kwa sababu mkono ulikwenda wenyewe, kwa mazoea, wakati mtoto amelala pale.

Machela ilichelewa. Mvua ilikuwa inampiga usoni. Mtu alikuja mbio kutoka jukwaani, akavua koti, akaligeuza ndani nje ili nembo isionekane, akamfunika nalo, akabaki ameinama na shati limeloa mpaka Kijiko alipoinuliwa. Alikuwa Mpole. Hakuna kamera iliyompiga.

Mechi iliisha sare. Tumefuzu. Tulipokuwa tunatoka uwanjani ndani ya gari la wagonjwa, watu walikuwa wanacheza barabarani, wengine wanapigapiga ubavu wa gari kwa furaha, hawajui aliyemo ni nani. Kijiko aliwasikiliza. "Tumefuzu?" aliuliza. Nikamwambia ndiyo. Akageuza uso upande wa pili.

Jumatano, 9 Aprili

Wamempasua, wametia skrubu mfupani. Daktari bingwa anasema huenda akacheza tena, huenda. Fainali za mwaka huu asahau.

Mchana Nyundo alitoa taarifa kwa waandishi. Kampuni inamtakia mchezaji nafuu ya haraka. Mchezaji hakuwahi kuijulisha kampuni kuhusu maumivu yoyote. Angejulisha, hatua zingechukuliwa. Kwa hiyo matibabu si juu ya kampuni.

Baadaye aliniita. "Kamati ya shirikisho itakuhoji Jumatano ijayo. Sema tu hakukuambia. Ni neno dogo, Mwalimu. Tulichozungumza mimi na wewe tulizungumza wawili."

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemsimulia mume wangu kila kitu. Alikuwa anasafisha bomba, aliendelea kulisafisha. Mwisho akasema, "Mimi nikienda kwa mteja, jokofu likaharibika mkononi mwangu, nikasema nimelikuta hivyo, siku hiyo ataniamini. Lakini barabara ile siwezi kuipita tena."

Ijumaa, 11 Aprili

Nimekwenda kwa mama yake Kijiko. Sikuwa nimekwenda tangu siku ya mechi. Nilikuwa napeleka salamu kwa simu, kama mwoga yeyote.

Karakana ilikuwa imefungwa kwa ajili ya mvua, kimya kitupu. Mama alinikaribisha. Alinipa kiti. Hilo ndilo lililonimaliza, kile kiti.

"Mtoto ameniambia," alisema. "Amesema alitaka mwenyewe. Amesema wewe ulimkataza, akakaidi, anataka aonekane na viatu vipya. Nimemgombeza mpaka nesi akanitoa wodini. Vijana hawa."

Nilikaa na glasi ya maji mkononi. Kumbe alinifunika. Amelala na chuma mguuni na bado alinifunika. Na njia ilikuwa wazi kabisa mbele yangu: kunywa maji, kusema pole, kuaga.

"Dada, si kweli," nilisema. "Aliniuliza avae au asivae. Mimi nilisema vaa."

"Hukujua kama ameumia."

"Nilijua."

"Daktari alisema avae?"

"Alikataza."

Alichukua shuka kwenye kapu, akaanza kulikunja peke yake, akilibana kwa kidevu. Nilinyanyuka nishike pembe.

"Acha," alisema. Hakupaza sauti. "Mimi nafua mashuka ya watu walioumia, kila siku ya Mungu. Najua damu ya ajali na najua damu ya makusudi, hazitoki sawa. Nilidhani wewe..." Akaacha. "Ondoka. Usikanyage hapa mpaka nikuite. Na nisipokuita, ujue sijakuita."

Jumatano, 16 Aprili

Kamati. Chumba kirefu, pazia zito, watu sita wenye suti na chupa za maji. Nyundo alikaa mkono wangu wa kulia, mikono ameiweka mapajani kama mwanafunzi.

Mwenyekiti aliuliza kama mchezaji aliwahi kuijulisha kampuni kuhusu maumivu.

Nilisema aliniambia tarehe tano Machi. Nilisema nilimweleza bosi wangu tarehe kumi, na kwamba yeye ndiye aliyeagiza vya zamani vipakwe rangi, na yeye ndiye aliyeagiza baadaye vivaliwe vya kweli. Nilisema nilikubali. Nilisema daktari hakujua kwa sababu mimi sikumwambia. Kisha nikasema tena kwamba nilikubali, kwa sababu mmoja wao alikuwa ameanza kunitazama kwa huruma na sikutaka.

Nyundo alisema tu, "Mwalimu amechoka." Hakugonga meza.

Nje, kwenye baraza ya mlangoni, walikuwa wananisubiri watu wa Ngao na kamera. Bosi wao, mwanamke nadhifu, alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alitaka nirudie yote mbele ya kamera, kwa maneno yangu. Walikuwa hata na jina la filamu fupi. Mpole alisimama nyuma yake, anatazama viatu vyake.

"Mama yake Kijiko ataiona?" niliuliza.

"Dunia nzima itaiona," alisema yule mwanamke.

"Hapana."

Alimgeukia Mpole ili anishawishi. Mpole akanisogelea, akasema polepole, "Nimetumwa nikubembeleze. Nimeshabembeleza. Nenda nyumbani, Mwalimu."

Alhamisi, 24 Aprili

Nimefukuzwa kazi. Shirikisho limetumia maneno yangu kuvunja mkataba na Mwale na limesaini na Ngao siku ya pili yake, wino haujakauka. Mwale wamekubali kulipia matibabu ya Kijiko mpaka apone, ili mambo yaishe kimyakimya. Nyundo amehamishiwa makao makuu, na cheo kimepanda.

Kwa hiyo kila mtu amepata kitu. Ukweli wangu umeuzwa kama bidhaa yoyote, na sikuwa hata na bei yake. Lakini matibabu yatalipwa. Hilo nalishika.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua. Simu haijalia.

Jumanne, 20 Mei

Namsaidia mume wangu karakanani. Najibu wateja, naandika stakabadhi, najifunza majina ya vipuri. Bango la Kijiko limeshushwa. Sasa yuko winga wa kulia, msichana wa miaka kumi na minane, ameshika ngao kubwa ya dhahabu.

Leo alasiri Mpole alipita. Nilidhani ana jokofu bovu. Alikaa juu ya kreti, akapewa chai, akaisahau. Siku hizi yeye ndiye anayemlea yule winga.

"Anasema kiatu kinamchoma kisigino," alisema.

"Umemwambia daktari?"

Alinyamaza. Niliujua ule ukimya, nimeishi ndani yake tangu Machi.

"Kaka, nenda sasa hivi. Usipitie ofisini kwanza. Ukipitia ofisini hutafika."

Alinyanyuka akaacha chai. Nilimtazama mpaka kona, nione anageukia upande gani. Aligeukia upande wa uwanja.

Jumatatu, 9 Juni

Mvua zimekatika. Saa moja asubuhi simu imelia, mama yake Kijiko. Hakunisalimia.

"Kesho anatolewa plasta. Mimi niko zamu. Mpeleke."

Nikasema sawa. Akakata.

Jumanne, 10 Juni

Nilimkuta Kijiko mlangoni, tayari, na magongo yake. Njiani alitazama dirishani. Nilimwambia asante kwa alichomwambia mama yake wodini. Alisema, "Ulikiharibu." Sikuelewa kama anamaanisha uongo wake au kitu kikubwa zaidi, na sikuuliza.

Fundi wa plasta aliikata kwa kimashine kinachopiga kelele kama nyuki kwenye chupa. Mguu ulitoka mwembamba, umepauka, ngozi inachunika, kama mguu wa mtu mwingine mdogo zaidi. Kijiko aliutazama bila kuugusa. Ule wa kulia, wa kupandia ngazi, ulionekana mkubwa.

Nesi alikuwa anajaza jina lake. "Na wewe ni nani wake?" aliniuliza.

Nilifungua mdomo. Kijiko akaniwahi.

"Amenisindikiza," alisema.

Nesi aliandika hivyo. Kisha akamwambia ajaribu kusimama, taratibu, uzito nusu tu. Kijiko aliteremka kitandani, akauweka mguu wa kushoto sakafuni, kwanza kidole gumba, kisha ukingo, akakunja uso. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Nilinyoosha mikono yote miwili.

"Usinishike," alisema.

Nikairudisha.

"Simama hapo hapo. Ukiona naanguka, ndipo unishike."

Akaachia kitanda, akapiga hatua.